Singe ya Mjerumani, singe ya Mwingereza au jambia la makomando: kagua hivi kabla hujatoa hela

Hili swali naletewa karibu kila mwezi na watu wa huku kwetu Mwanza, na wengine wa Bukoba, Musoma mpaka Nansio kule Ukerewe. Mtu kaletewa kisu cha zamani cha jeshi kaambiwa "hiki cha Mjerumani bosi wangu, cha vita ya kwanza", au kafungua sanduku la marehemu babu kakikuta kimeviringishwa kwenye kitambaa, sasa hajui anunue, auze, akisugue au akiache kilivyo. Na mara nyingi vinavyobishaniwa ni vitu vitatu tu, singe ya Kijerumani, singe ya Kiingereza ile ndefu wanayoita 1907, na lile jambia jembamba la makomando wa Uingereza la vita ya pili. (Singe, kwa wadogo zangu ambao hawajawahi kulisikia hilo neno, ni kile kisu kinachochomekwa mbele ya bunduki, wengine wanakiita beneti.)

Naomba tukubaliane jambo moja kwanza maana ndilo linalowaumiza wengi. Kuuliza kama kitu ni halisi na kuuliza kiko kwenye hali gani ni maswali mawili tofauti, ukiyachanganya umekwisha. Kitu kinaweza kuwa halisi kabisa na kikawa kimeliwa na kutu, na kinaweza kuwaka kama kijiko cha harusi na kikawa kimetengenezwa miaka mitano iliyopita. Mnunuzi mgeni anaona kung'aa anasema "hiki kizuri", anaona kutu anasema "hiki cha zamani kweli", na kote kote anakuwa hajakagua kitu.

VIGEZO NITAKAVYOTUMIA

Vyote vitatu navipima kwa mambo yale yale. Kwanza alama zilizogongwa kwenye chuma. Pili jinsi vipande vilivyoungana, yaani mpini, kikingio cha mkono na ubapa. Tatu hali ya chuma chenyewe. Nne ala. Tano ni wapi wajanja wanakupigia. Mwisho utunzaji, maana sisi tunakaa kando ya ziwa na unyevu wa hapa haumwonei mtu huruma. Bei sitaitaja kwa sababu inabadilika na kila dalali ana yake, ila ukishaelewa haya mengine utajua mwenyewe kama umetajiwa bei ya haki.

TUNAONGELEA VITU GANI HASA

Singe ya Kijerumani si moja. Utakazoonyeshwa sana ni 98/05, ambayo ubapa wake ni kama sentimita 37 na unazidi kuwa mpana ukielekea kwenye ncha, na 84/98 ambayo ni fupi, ubapa kama sentimita 25. Zote ni za bunduki ya Mauser 98. Hapa kuna kitu cha muhimu kwa sisi wa huku: vita ilipoanza 1914 askari wengi wa jeshi la Kijerumani katika nchi hii walikuwa bado wanabeba Mauser ya mwaka 1871, ile ya baruti ya moshi, na singe ya kawaida ya bunduki hiyo ilikuwa na mpini wa shaba ya njano na ubapa mrefu. Kwa hiyo mtu akikwambia babu yake alikuwa askari wa Mjerumani mwaka 1914 halafu akakutolea 98/05, usimwite mwongo, lakini usiinunue hadithi kwa bei ya chuma.

Singe ya Kiingereza ya 1907 ni ya bunduki ya Lee-Enfield fupi. Ubapa wake ni kama sentimita 43, ukishika nzima na mpini inafika 55 hivi. King's African Rifles (KAR), lile jeshi la Waingereza la askari wa Kiafrika, wamebeba hizi, na vita ya pili zilikuwa bado zinatumika, ndiyo maana nyumba nyingi zenye babu aliyepigana Burma utaisikia habari yake.

Jambia la makomando linaitwa Fairbairn-Sykes, kwa majina ya wale Waingereza wawili waliolibuni. Kiwanda cha Wilkinson Sword cha London kilianza kulitoa Januari 1941. Halichomekwi kwenye bunduki, lina makali pande zote mbili, jembamba, ubapa kama sentimita 17 na kidogo. Huku kwetu halina historia ya kuongelea sana, linafika kupitia ndugu walioko nje au watalii, lakini vijana wanalipenda kwa sababu ya umbo.

Na si kwamba hizo singe ni habari za mbali. Juni 1915 Waingereza walivuka ziwa kutoka Kisumu wakaivamia Bukoba, Juni 1916 wakaichukua Ukerewe, Julai 1916 wakaingia Mwanza. Majeshi yote mawili yalipita kwenye mwambao huu. Tena ukikuta singe ya Kiingereza yenye hadithi ya askari wa Mjerumani usicheke, maana pale Tanga Novemba 1914 Wajerumani waliteka bunduki za Waingereza kwa mamia wakawapa askari wao.

ALAMA

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Mimi nikiletewa kitu naanza na alama, na kama alama hazisomeki nasema wazi kwamba sina uhakika.

Ya 1907 ndiyo inayoongea kuliko zote. Pale shingoni, ubapa unapokutana na kikingio, upande mmoja utakuta taji, herufi za mfalme, namba 1907, halafu chini yake mwezi na mwaka wa kutengenezwa na jina la kiwanda. Upande wa pili kuna ule mshale mpana wa serikali ya Uingereza, herufi X inayoonyesha ubapa ulijaribiwa kwa kukunjwa, na vitaji vidogo vidogo vya wakaguzi. Mara nyingine kuna tarakimu mbili mbili kama 18 au 24, hiyo ni miaka ambayo singe ilikaguliwa ikatolewa tena jeshini. Sasa kosa ambalo nalisikia kila siku, na wauzaji wanalirudia bila aibu, ni "hii imetengenezwa 1907, ona imeandikwa". Hapana. 1907 ni jina la muundo. Mwaka wa kutengenezwa ni ule mdogo ulioandikwa chini.

Kuna dada mmoja wa Igoma aliniletea ya babu yake, kaifunga kwenye kanga, imekuwa nyeusi tii na ala imenasa haitoki. Akaniambia, "Kaka, fundi kasema atanipigia grenda kwa elfu kumi tu itakuwa kama mpya, nimpe?" Nikamwambia dada yangu niachie siku mbili. Tuliidondoshea mafuta ya taa kwenye mdomo wa ala, tukaiacha usiku kucha imesimama kwenye ndoo, asubuhi ikatoka taratibu bila kulazimishwa. Nikachukua pamba na mafuta ya taa nikapitisha pale shingoni, kisha kijiti cha meno kwenye uchafu uliojaa ndani ya herufi, halafu nikazima taa na kuwasha tochi ya simu kwa ubavu, yaani mwanga unakuja umelala, siyo kutoka juu. Ikaanza kutoka kidogo kidogo. Taji. GR. 1907. Kisha tisa, nafasi, 17. Septemba 1917. Chini yake jina la kiwanda, SANDERSON, herufi ya mwisho imeliwa nusu. Yule dada alikaa kimya, akaomba nimwonyeshe tena. Babu yake alikwenda Burma na kikosi cha KAR mwaka 1944, kwa hiyo ile singe ilikuwa na umri wa miaka 27 alipokuwa ameibeba. Sasa grenda ya elfu kumi ingepita pale shingoni sekunde nne tu, na hayo yote yasingekuwepo.

Viwanda vya 1907 vinajulikana: Enfield wenyewe, Wilkinson, Sanderson, Chapman, Mole, Vickers, Remington ya Marekani, Lithgow ya Australia na Ishapore ya India. Ukikuta jina la ajabu ambalo halimo, simama kidogo.

Ya Kijerumani alama zake zimegawanyika. Jina la kiwanda liko shingoni, mara nyingi viwanda vya miji ya Solingen, Suhl au Erfurt kule Ujerumani. Lakini kilicho muhimu zaidi watu hawakiangalii kwa sababu kiko mgongoni: igeuze singe uangalie mgongo wa ubapa karibu na kikingio, kwa zile za Prussia utakuta taji, herufi W na tarakimu mbili za mwaka, mfano 15 au 16. Kikingio nacho kinaweza kuwa na alama ya kikosi. Singe ya vita ya kwanza ambayo mgongo wake ni mtupu kabisa na laini kama kioo inanipa wasiwasi, ama imesagwa ama haikuwahi kuwa ya jeshi.

Jambia la makomando ndilo lenye maneno machache. Ya kwanza kabisa, na baadhi ya zilizofuata, yana nembo ya Wilkinson iliyochorwa kwa tindikali kwenye ubapa. Aina ya tatu, ya kuanzia 1943, ile yenye mpini wa mapete, mara nyingi ina mshale mpana na namba ndogo tu kwenye kikingio. Mengi ya wakati wa vita hayana alama yoyote na bado ni halali. Ukikuta limegongwa neno ENGLAND kubwa, hilo mara nyingi ni la biashara baada ya vita.

Kuna kipimo kimoja kinachofaa kwenye zote tatu, ukikumbuka kimoja tu katika maneno yangu basi kiwe hiki. Alama ya kweli iligongwa kwanza, kutu ikaja baadaye. Kwa hiyo vishimo vya kutu vinapita juu ya herufi na kuzila, kishimo kinaanzia nje ya herufi kinaingia ndani. Ukiona vishimo vimejaa kila mahali halafu herufi zimekaa juu yake kali, kingo safi, hazijaguswa, basi herufi zilikuja baada ya kutu. Mtu kagonga juzi. Chukua lenzi ya kukuzia, hata ile ya fundi saa inatosha.

MAUNGIO

Vibao vya mti vya kwenye mpini, vikiwa vya miaka mia, vinakuwa vimesinyaa kidogo, kwa hiyo ukipitisha kucha unasikia mti na chuma haviko sawasawa kabisa, na kwenye upenyo kuna uchafu mkavu uliogeuka kuwa kama gundi. Kibao kinachokaa sawa kabisa, rangi moja kote, hakina doa la mafuta pale mkono unaposhika, kina uwezekano mkubwa ni kipya. Kubadilishwa vibao siyo ufeki lakini kunashusha hali, na muuzaji anatakiwa aseme.

Kwa 1907 angalia skrubu mbili za kwenye mpini. Zinatakiwa ziwe za mstari mmoja, za bisibisi ya flati. Skrubu ya nyota kwenye singe ya 1917 maana yake mtu kafungua na kubadilisha, hakuna mjadala. Angalia pia tundu dogo kwenye kitako cha mpini, hilo lilianza kuwekwa 1916 ili uchafu utoke, na nyingi za kabla ya hapo zilitobolewa baadaye, kwa hiyo kuwa nalo hakuna tatizo.

Ya Kijerumani, kuanzia 1915 waliongeza bati mgongoni mwa mpini ili moto wa bunduki usiunguze mti. Bati hilo lipo au halipo, yote sawa, ila alama ya mwaka na bati visigombane bila sababu. Tena naomba nieleweke kwenye hili: ukikuta singe ya Kijerumani yenye mpini wa chuma kitupu, hakuna mti kabisa, usiitupe ukidhani ni kazi ya mhunzi wa mtaani. Wakati wa vita ya kwanza mahitaji yalizidi, wakatengeneza za dharura, mpini wa chuma umepakwa rangi. Nimeshaona mtu anaiacha ya kweli namna hiyo anachukua ya kuchongwa kwa sababu ile ilikuwa na mti mzuri.

Jambia la makomando lina mpini wa mviringo uliofungwa kwa nati ndogo juu. Angalia ile nati. Meno ya plaizi yakionekana, limefunguliwa. Mpini wa aina mbili za kwanza ni shaba ya njano iliyochongwa kwa mikwaruzo myembamba, wa aina ya tatu ni wa kumiminwa wenye mapete. Sumaku haikusaidii kutenganisha hapo kwa sababu mipini yote miwili haivutwi, tumia uzito, shaba ni nzito mkononi.

HALI YA CHUMA

Mimi mwenyewe nilishaua singe moja, na bado inaniuma. Ilikuwa 84/98, nimeipata kwa watu wa chuma chakavu, nikampa fundi wa vyuma anisafishie "kidogo tu". Nilirudi jioni nikaikuta nyeupe, inawaka, kingo zote zimekuwa za duara, mfuo ule wa katikati ya ubapa umepoteza ukingo wake, na mgongoni nilikoona taji na W asubuhi hakuna kitu. Fundi hakuwa na kosa, alifanya nilichomwambia. Tangu siku hiyo ndiyo nawasumbua watu na hili neno, usisugue.

Kutu ziko mbili. Kuna nyekundu au ya machungwa, ukipitisha kitambaa cheupe inaacha unga, hiyo iko hai inaendelea kula. Na kuna ile ya kahawia iliyoiva au nyeusi, imetulia, haiachi kitu kwenye kitambaa, hiyo ni ngozi ya kitu, kiache nayo. Kutu ya kuigiza, ya siki au tindikali, inakuwa sawa kila mahali, chini ya kikingio ambako unyevu ungetuama na katikati ya ubapa ambako ungekauka haraka kote vilevile. Kutu ya kweli haina usawa, imechagua sehemu.

Kwa 1907 uliza urefu. Vita ya pili India walizikata nyingi zikawa na ubapa wa kama sentimita 30, kwa hiyo fupi siyo lazima imevunjika. Ncha ndiyo ya kuangalia: kama imechongwa ovyo, mtaani huko ndiko ilikokatwa, kuchinjia au kufyekea.

Ya Kijerumani hali inategemea sana kama ilikuwa na msumeno mgongoni. Baadhi ya 98/05 zilitengenezwa na meno ya msumeno, na kuanzia 1917 jeshi lenyewe likaanza kuyasaga yaondoke. Singe iliyosagwa meno na jeshi, mgongo umenyooka na kazi ni safi, hiyo ni hali yake halali.

Jambia la makomando linapoteza hali kwa kunolewa. Litazame kutoka kwenye ncha ukifumba jicho moja. Ule mgongo wa katikati ya ubapa unatakiwa utembee umenyooka kutoka kwenye kikingio mpaka ncha, na pande mbili ziwe pacha. Ukiyumba, au upande mmoja umekonda, limenolewa sana au ncha ilivunjika ikachongwa upya.

ALA

Hapa nitapita haraka. Ala ya 1907 ni ya ngozi, juu na chini ina vipande vya chuma, na ngozi kwa joto letu inakauka inapasuka kwenye mshono, kwa hiyo nzima ni bahati. Ya Kijerumani nyingi ni za chuma, angalia imebonyea wapi na kama singe inaingia na kukaa bila kucheza. Zile za vita ya pili zina namba kwenye ubapa na namba kwenye ala, zikifanana una pea kamili, zisipofanana bado ni halisi ila ni ndoa ya baadaye. Ya jambia la makomando ni ngozi ya kahawia yenye vibawa vinne vidogo vya kushonea kwenye nguo, na vibawa mara nyingi vimekatwa. Ala inabadilishwa kirahisi kuliko kitu chochote, usiitumie kuthibitisha kisu.

WANAPOKUPIGIA

Kwenye 1907 ni ndoano. Za mwanzo kikingio kilikuwa na ndoano iliyopinda kwenda mbele, ikaachwa mwaka 1913, na zilizobaki nayo zinatafutwa sana. Wajanja wanachomelea ndoano kwenye kikingio cha kawaida. Kwa hiyo ukiona ndoano nenda kwenye tarehe, kama inasema 1916 au 1917 jibu umepata, na kama inasema 1910 bado pitisha lenzi kwenye kiungo utafute mstari wa kulehemu au rangi ya chuma iliyobadilika.

Kwenye ya Kijerumani ni msumeno, watu wanachonga meno kwa tupa kwenye ubapa wa kawaida. Meno ya kweli yako safu mbili, yamelingana kwa mashine, na ndani yake kuna kutu ya umri uleule wa ubapa. Meno ya tupa yana mikwaruzo ya tupa na ndani ni meupe. Lakini feki kubwa huku kwetu siyo ya chuma, ni ya maneno. "Imechimbwa Bukoba", "imetoka pale boma la Mjerumani". Muulize kwa heshima, "Shikamoo mzee, ilichimbwa wapi hasa, na nani, mwaka gani?" Mwenye hadithi ya kweli ana majina ya watu na ya mtaa.

Jambia la makomando ndilo lenye hatari kubwa kuliko yote matatu, kwa sababu halijawahi kuacha kutengenezwa. Mapya yako mengi na ni halali kabisa, tatizo ni mtu kulichakaza na kuliuza kama la 1941. Nembo kali mpya juu ya ubapa uliochoka haiwezekani, nembo ya tindikali ni ya juu juu, kunoa na kusugua kokote kunaifuta kwanza yenyewe.

KUTUNZA HUKU ZIWANI

Zote tatu: mafuta ya cherehani kwenye kitambaa, tabaka jembamba, kila baada ya miezi miwili mitatu, na ukishika kwa mkono mtupu futa kabla hujarudisha kwa sababu jasho lina chumvi. Singe usiiweke ndani ya ala ya ngozi kwa muda mrefu, ngozi inavuta unyevu na kwenye shaba inaleta ukijani. Ziweke kando. Vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu usitupe. Ya Kijerumani yenye ala ya chuma inasumbua kidogo maana kutu inaanzia ndani usikoona, jambia la makomando lina shaba na ngozi pamoja linataka macho zaidi, ya 1907 iko katikati.

SASA WEWE UKO WAPI

Kama ndiyo unaanza na unataka kujifunza kusoma chuma, ya 1907 inakupa masomo mengi kwa kitu kimoja, ina mwezi, mwaka, kiwanda, wakaguzi. Chukua yenye alama zinazosomeka hata kama mti umepasuka na ala hakuna, kuliko nzima isiyosomeka.

Kama unavutwa na historia ya nchi hii chini ya Mjerumani, basi tafuta ya Kijerumani lakini uwe na subira ya miaka, na weka mbele ile ya mpini wa shaba ya bunduki ya 1871 ikikupitia, kwa sababu iko karibu zaidi na askari wa hapa. Wengi wanaipita wakikimbilia 98/05.

Kama unapenda umbo na unataka kitu kimoja kizuri ukutani, jambia la makomando linakufaa, na kwa maoni yangu nunua jipya ukijua ni jipya, ulale usingizi. La wakati wa vita linamfaa mtu ambaye ameshashika kadhaa za kweli mkononi.

Kama ni cha babu yako, acha kulinganisha. Kisome, kipake mafuta, andika kwenye karatasi jina la babu, kikosi na alivyokipata, hiyo karatasi ikae na kisu. Ukisema utaandika siku nyingine, wazee wataondoka na majibu.

Kama unanunua kwa picha za simu na muuzaji yuko Musoma au nje ya nchi, omba picha hizi: shingo pande zote mbili, mgongo wa ubapa karibu na kikingio, kitako cha mpini, skrubu au nati, ncha, mdomo wa ala, na moja ya kitu kizima kando ya rula. Zipigwe mchana dirishani, siyo kwa flashi. Mtu anayekataa kupiga picha ya shingo achana naye.

Kama unanunua ili uuze, kumbuka kilichosagwa kinakaa dukani. Na kama unasafiri nacho, kiende kwenye mzigo wa chini wa ndege, na usitembee nacho kiunoni mtaani kwa sababu kwa polisi hiyo ni silaha tu.

Kama umekichimba shambani au umekitoa kwenye mapango ya mawe, hapo siyo tena habari ya kuchagua. Tuna Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, usikiuze kimya kimya, wapigie Idara ya Mambo ya Kale. Usikitenganishe na udongo wake, piga picha mahali kilipo kabla hujakiinua, na ukiona kando yake kuna risasi au kitu cha mviringo cha chuma usiguse chochote, sogea mbali na uite polisi.

Kama bado uko njia panda na una kitu mkononi sasa hivi, zima taa, washa tochi ya simu kwa ubavu, anza na shingo.